Kuishika chumvi nzima: ulinganisho wa miundo minne ya molekuli zinazokamata ayoni chanya na hasi pamoja

"Maalim, kama watu wanaweza kutengeneza molekuli ya kukamata ayoni, kwa nini tusiitoe lithiamu kwenye maji haya yanayomwagwa?"

Niliulizwa swali hilo ukingoni mwa shamba la chumvi kisiwani Pemba, na kijana ambaye ami yake ndiye mwenye shamba. Maji ya bahari yalikuwa yameingizwa wakati wa bamvua, yakahamishwa bwawa hadi bwawa, na jua likafanya kazi yake. Chumvi ilikwisha kokotwa na kurundikwa. Katika bwawa la mwisho yalibaki maji mazito, yanayoteleza kidogo ukiyasugua baina ya vidole, na machungu ukiyaonja. Ami yake huyamwaga, kwa sababu yakibaki ndani ya chumvi, gunia halikauki na chumvi haina ladha. Uchungu ule ni magnesiamu.

Nilimwambia kwamba swali ni zuri, ila lina maswali mengine mbele yake. Tangu siku ile wamenijia vijana wengine wanaotafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, na karibu wote huanza kwa kuuliza, "Nitumie taji la ukubwa gani?", yaani molekuli ya mviringo inayoizingira ayoni. Mimi naona hilo linakuja mapema mno. Cha kwanza kuamua ni umbali: ayoni chanya na ayoni hasi zikishakamatwa, zitakaa mbali kiasi gani? Cha pili ni zinakotoka: ndani ya maji, au kwenye chumvi kavu? Makala haya ni ya anayesimama mbele ya maamuzi hayo mawili.

Bei ya kuondoka majini

Ayoni, yaani atomi au kundi la atomi lenye chaji ya umeme, haisafiri peke yake. Tuseme umetengeneza kipokezi, yaani molekuli yenye nafasi ya kumkaribisha mgeni, na kipokezi hicho kimeichukua sodiamu kutoka majini na kuipeleka ndani ya kloroformu, kiyeyusho cha aina ya mafuta kisichochanganyika na maji. Kloroformu haikubali kubaki na chaji chanya tupu, kwa hiyo ni lazima ayoni hasi ifuate. Isipofuata, sodiamu nayo inarudi ilikotoka. Anayeshughulikia sodiamu pekee, nusu ya kazi hajaigusa.

Maji nayo hayawaachii wageni wake bure. Kuitoa moli moja ya sodiamu kwenye maji yanayoizunguka kunagharimu takriban kilojuli 365, kloraidi 340, lithiamu 475. Naitreti ni rahisi kidogo, karibu 300. Salfeti ni zaidi ya 1,000. Bei hiyo hulipwa na kipokezi, na msaada mkubwa unaoweza kupatikana ni ayoni mbili zenyewe kuvutana. Ndiyo maana umbali ni muhimu.

Nimepiga hesabu ya mvuto baina ya chaji moja chanya na moja hasi kwa kanuni ya Coulomb, kwa kilojuli kwa moli (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita):

| Umbali baina ya vitovu | Ombwe | Kloroformu | Maji |
|---|---|---|---|
| Zinagusana, pikomita 282 | 493 | 102 | 6.3 |
| Zimetengwa, pikomita 700 | 198 | 41 | 2.5 |

Hiyo pikomita 282 ndiyo umbali wa sodiamu na kloraidi ndani ya punje ya chumvi ya mezani. Hesabu ni ya mkono, inachukulia kiyeyusho kama kitu kimoja laini kisicho na molekuli ndani yake, na kipokezi halisi kina mambo zaidi. Hata hivyo angalia safu ya kloroformu. Kuzisogeza ayoni kutoka kugusana hadi pikomita 700 kumetupotezea kilojuli 61. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, kila kilojuli 5.7 ni sawa na kuongeza au kupunguza nguvu ya kushika mara 10. Sasa angalia safu ya maji: tofauti haifiki kilojuli 4. Ndani ya kloroformu umbali ni jambo kubwa kuliko yote, na ndani ya maji ni jambo dogo. Muundo ule ule utasifiwa katika maabara moja na kukataliwa katika nyingine kwa sababu hiyo.

Taji peke yake, hasi ijifuatie

Njia ya kwanza ndiyo kongwe. Charles Pedersen, mzaliwa wa Busan aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya DuPont nchini Marekani, alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa alipopata fuwele nyeupe kiasi cha asilimia 0.4 ya alichotarajia. Badala ya kuzitupa alizichunguza, akakuta molekuli ya mviringo inayoizingira ayoni ya metali kama taji. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1967, na mwaka 1987 akapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Donald Cram na Jean-Marie Lehn. Familia hiyo ndiyo etha za krauni. Inayojulikana zaidi ni 18-krauni-6: duara la atomi 18, sita kati yake oksijeni.

Niliiona kazi yake kwa macho yangu nikiwa mwanafunzi. Mwalimu wetu alitia dikloromethani kwenye neli ya kioo, kisha akadondosha chembe chache za potasiamu pamanganeti, ile ile ya zambarau wanayooshea vidonda. Chembe zikakaa chini kama pilipili manga, na kiyeyusho juu yake kikabaki cheupe kama maji. Akatia kiasi cha ncha ya kijiko cha 18-krauni-6, akaziba neli, akaitikisa. Zambarau ikapanda kutoka chini mpaka neli nzima ikawa rangi ya bilingani. Taji liliibeba potasiamu, na pamanganeti, isiyo na kiti chake popote, ikafuata.

Ilifuata kwa sababu ni ayoni kubwa ambayo chaji yake imetawanyika, haina lililoizuia. Chagua njia hii ukiwa na hasi ya aina hiyo: pamanganeti, pikreti, pakloreti, hata naitreti. Kule Savannah River nchini Marekani, siziamu huondolewa kwenye taka za nyuklia kwa kaliksareni (molekuli yenye umbo la kikombe) yenye taji la krauni, na naitreti iliyojaa ndani ya taka hizo ndiyo inayofuatana nayo. Kazi hiyo inafanyika kwa wingi wa kiwanda, kwa hiyo asikwambie mtu kuwa njia hii ni ya zamani tu.

Kwa kloraidi sikushauri. Kloraidi ni ndogo, maji yameishika vizuri, na haifuati mtu kirahisi.

Na hapa niseme neno kuhusu ule ukubwa wa taji. Vitabu vingi vya utangulizi huandika kwamba 15-krauni-5 ni ya sodiamu na 18-krauni-6 ni ya potasiamu, kila taji na kichwa chake. Vipimo ndani ya methanoli vinasema jingine. 18-krauni-6 inaishika potasiamu kwa nguvu ya takriban 10 kwa kipeo cha 6.1 (kipeo kikiwa kikubwa, mshiko ni imara zaidi), na sodiamu kwa 10 kwa kipeo cha 4.3. Ile 15-krauni-5 inaishika sodiamu kwa kipeo cha 3.2 hivi. Taji linaloitwa la potasiamu linaishika sodiamu zaidi ya mara 10 kuliko taji linaloitwa la sodiamu. Ukianza na ukubwa peke yake, unaanza na kanuni isiyokubeba mbali.

Vipokezi viwili katika chupa moja

Unachanganya krauni ya ayoni chanya na kipokezi kingine cha hasi, tuseme chenye vikundi vya yurea au amaidi vinavyotoa viungo vya hidrojeni. Faida yake ni kwamba vyote viwili vinapatikana tayari, unaweza kubadilisha kimoja bila kugusa cha pili, na kazi inaanza wiki hiyo hiyo. Hasara yake ni kwamba molekuli mbili zilizokuwa huru lazima zikutane kwa kila chumvi moja inayobebwa, na zikishabeba, kila ayoni imevikwa vazi nene linalomweka mwenzake mbali. Rudi kwenye jedwali uone unachopoteza. Naipendekeza kwa majaribio ya mwanzo, ya kujua kama hasi yako inahitaji kiti au haihitaji. Zaidi ya hapo, hapana.

Viti viwili vinavyogusana

Hii ndiyo ninayoipenda, na nitakaa nayo zaidi.

Wazo ni molekuli moja yenye kiti cha chanya na kiti cha hasi, vilivyopangwa jirani kiasi kwamba ayoni mbili zikikaa zinagusana kama ndani ya punje ya chumvi. Wavuvi wetu wanajua kwamba dema husukwa kwa kumfikiria samaki: mlango wake, upana wa tundu zake, mahali pa chambo. Hapa unasuka dema la samaki wawili wanaoogelea pamoja. Mwaka 1991 kundi la Manfred Reetz nchini Ujerumani liliunganisha krauni na atomi ya boroni yenye njaa ya elektroni: krauni ikaishika potasiamu, boroni ikaishika floraidi, na potasiamu floraidi nzima ikakaa ndani ya molekuli moja.

Kisha akaja Bradley Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani. Walichukua krauni ya 18 ambayo oksijeni mbili zimebadilishwa kwa naitrojeni, wakaipitishia daraja lenye amaidi mbili kutoka naitrojeni moja hadi nyingine, mfano wa mpini wa kikapu. Metali inakaa kwenye taji. Kloraidi inakaa chini ya mpini, imeshikwa na hidrojeni za amaidi, na upande wa pili inagusana na metali. Picha za fuwele zilionyesha sodiamu kloraidi na potasiamu kloraidi zikiwa zimekaa hivyo. Molekuli hiyo inaweza kuitoa chumvi ya mezani, kavu, na kuiyeyusha ndani ya kiyeyusho cha mafuta. Mtu aliyekulia kisiwa cha chumvi akilitafakari hilo ataelewa kwa nini nililala usiku nikiliwaza.

Mwaka 2004 waliijaribu molekuli hiyo hiyo kwa lithiamu, na matokeo yake ndiyo ninayomsomesha kila mwanafunzi kabla hajachora chochote. Walipoiweka kama kivuko cha mafuta baina ya maji na maji, ilibeba potasiamu zaidi, kisha sodiamu, na lithiamu mwisho. Walipoipa chumvi kavu tatu zilizochanganywa, kloraidi za lithiamu, sodiamu na potasiamu, mpangilio uligeuka juu chini: katika kila chumvi 100 zilizoingia kwenye kipokezi ndani ya kloroformu, 94 zilikuwa za lithiamu, 4 za sodiamu, 2 za potasiamu. Kipokezi ni kile kile, hakuna hata atomi moja iliyobadilishwa.

Sababu yake inapatikana kwenye bei tuliyoitaja. Ikitoka majini, lithiamu lazima ilipe kilojuli 475, na kipokezi hakiwezi kuifidia. Potasiamu inalipa karibu 295 tu, kwa hiyo inatangulia. Ikitoka kwenye chumvi kavu, bei hiyo haipo, na chumvi za lithiamu zina tabia ya kuyeyuka katika viyeyusho vya mafuta kuliko dada zake. Halafu kuna jambo dogo zuri: lithiamu ina nusu-kipenyo cha pikomita 76 tu, sodiamu 102, potasiamu 138. Ndani ya kipokezi kile lithiamu ilikuwa ndogo mno kuifikia kloraidi, ikabidi molekuli moja ya maji ijipenyeze katikati yao. Viti vilipangwa kwa wageni wakubwa, mgeni mdogo akaja na mto wake wa kukalia.

Kwa hiyo: ukitaka chumvi yenye kloraidi au floraidi, ayoni ndogo zenye chaji iliyokusanyika, na unafanya kazi ndani ya kiyeyusho cha mafuta, chagua viti vinavyogusana. Gharama yake ni usanisi. Duara juu ya duara halifungiki kirahisi. Ncha za molekuli hupendelea kushikana na za jirani kuliko kujifunga zenyewe, na inabidi ufanye kazi kwa myeyuko mwepesi sana na uvumilie mavuno madogo. Aliye na muhula mmoja tu ajue hilo mapema.

Ukuta katikati

Njia ya nne inaweka viti pande mbili za kipokezi, na mwili wa kipokezi unakuwa ukuta baina ya ayoni. Mfano wake mzuri una historia ndefu. Kaliksi-piroli, duara la piroli nne (piroli ni kipete kidogo chenye naitrojeni), ilitengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1886. Ilikaa miaka 110 kabla ya Jonathan Sessler na wenzake, mwaka 1996, kuonyesha kwamba inashika floraidi na kloraidi kwa hidrojeni zake nne. Mwaka 2005 ikaonekana jambo la pili: hidrojeni nne zikiishika ayoni hasi, piroli zote hujikunja upande mmoja na mgongo wake kuwa bakuli, na siziamu hukaa ndani ya bakuli hilo. Kiti cha pili kilikuwepo tangu karne ya 19.

Ukuta unakupotezea mvuto, kama jedwali linavyoonyesha, lakini unakupa uhuru. Siziamu ni kubwa, haihitaji kubanwa na kloraidi ili itulie, na kila kiti unaweza kukirekebisha bila kuharibu cha pili. Mwaka 2008 kundi la Sessler liliunganisha kaliksi-piroli na kaliksareni yenye krauni, na siziamu floraidi ikashikwa hivyo. Baadaye walifunga kamba za aina mbalimbali juu ya kaliksi-piroli ili kushika chumvi za lithiamu, na hapo ukuta ukapungua, viti vikasogea. Kwa ayoni kubwa, au ukitaka kusoma jinsi kiti kimoja kinavyokiamsha kingine, chagua hii. Usanisi wa kaliksi-piroli ya kawaida pia ni mwepesi: piroli, asetoni na asidi. Kwa maabara yenye vifaa vichache, hilo lina uzito.

Kabla hujaamini kipimo

Utakutana na namba kubwa zitakazokuvuta. Mwaka 2019 kundi la Amar Flood la Indiana lilichapisha kizimba kinachoshika kloraidi kwa 10 kwa kipeo cha 17 ndani ya dikloromethani, kwa kutumia viungo vya hidrojeni iliyoshikamana na kaboni. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Lakini kipimo cha kloraidi kwa kawaida hufanywa kwa chumvi ambayo chanya yake ni tetrabyutilamonia, ayoni kubwa yenye mikono minne ya kaboni, isiyoweza kuisogelea kloraidi kwa karibu. Imechaguliwa makusudi ili isiingilie. Ukibadilisha ukatia sodiamu, sodiamu inaweza kuinyakua kloraidi kutoka kwenye kipokezi na zikaanguka chini zikiwa chumvi nyeupe, na namba yako nzuri ikatoweka. Katika kipokezi cha viti viwili mambo huwa kinyume: sodiamu au potasiamu ikikaa kwenye taji, kloraidi hushikwa kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo pima kwa tetrabyutilamonia, kisha rudia kwa chumvi halisi unayoitaka, na uandike zote mbili.

Maji machungu ya ami yake

Nikarudi kwa yule kijana. Maji ya bahari yana takriban gramu 10.8 za sodiamu kwa kilo, na lithiamu miligramu 0.18. Kwa kila ayoni moja ya lithiamu kuna za sodiamu karibu 18,000. Jua la Pemba hupunguza pengo hilo bila malipo, kwa sababu sehemu kubwa ya sodiamu huanguka ikiwa chumvi. Maji yakipungua hadi sehemu moja ya 30, lithiamu inaweza kupanda hadi miligramu 5 hivi kwa lita. Hazitoshi kutengenezea betri, ila mtu anaweza kujifunzia kwazo.

Nikamshauri asijaribu kuitoa lithiamu moja kwa moja majini kwa kipokezi chenye viti vinavyogusana. Yale matokeo ya mwaka 2004 yanasema potasiamu itamtangulia. Akaushe kwanza, kisha ajaribu kwenye chumvi kavu. Adui wake mkubwa hapo si sodiamu, ni magnesiamu: nusu-kipenyo chake ni pikomita 72, karibu sawa na lithiamu, ina chaji mbili, na haiachi maji yake hata ukiianika wiki nzima. Lazima itolewe kabla.

Ami yake alikuwa amesimama nasi muda wote. Akasema, "Mwanangu, ikiwa ni kuangusha huo uchungu, chokaa si ipo?" Na ni kweli. Chokaa huiangusha magnesiamu ikawa hidroksaidi isiyoyeyuka. Kinachobaki ni kalisi, ambayo magadi huiondoa baadaye. Akatuma mtoto akaleta chokaa ya tanuu, ile inayochomwa kwa mawe ya matumbawe. Tukaikoroga kidogo kidogo ndani ya ndoo ya maji machungu mpaka yakawa meupe na mazito kama uji wa mchele, tukaifunika kwa kawa, tukaiacha itulie mpaka alasiri.